Madoa Ndani ya Wingu

Jumatano, Kabiria

Kaka Mutua,

Nimechukizwa hadi ugali umenishinda. Leo tumejaribu lile wingu la kompyuta la kampuni ulilolijenga kabla ya kutuacha. Niliwasha mashine pepe ya kwanza, ile kompyuta isiyo na umbo inayoishi ndani ya seva, nikaiita Madoa, kama ulivyozoea kuzipa seva majina ya ng'ombe wa mama. Ikajibu papo hapo. Karibu nilie.

Meneja akacheka mbele ya wageni. "Madam, hapa ni Kilimani, si zizi. Toa hiyo jina!"

Nikaifuta mashine yote. Kisha akawaambia, "Hii yote nimejenga mwenyewe." Wakampigia makofi, naye akitabasamu kama bwana harusi. Kinyaa kitupu.

Walipoondoka niliwasha nyingine. Hiyo pia ni Madoa, na bado inafanya kazi.

Mimi nimekukumbuka, kaka. Nawe unikumbuke.