Darubini Juu ya Bunduki ya Baba

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza shule juzijuzi, kwetu ni karibu na Malaba, na nina aibu kiasi kwamba mgeni akipiga hodi mimi hutokea mlango wa jikoni, lakini nikishika bunduki ya marisau ya baba yangu, mzee Edeku, ile anayofukuzia nyani shambani, aibu yote huniacha, na baba ndiye aliyenifundisha kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu.

Sasa kuna klabu ya shabaha huko Tororo, zamani ilikuwa ya Wazungu peke yao, na baada ya Uhuru imefungua mlango kwa kila mtu, basi baba akaandikisha jina langu kwa shindano la Jumamosi hiyo, na shemeji yangu Omoding, fundi baiskeli wa Busia, akatuletea darubini ndogo ya kulengea, na kwa kuwa bunduki yetu haina mahali pa kuishika nikaifunga mwenyewe kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama tunavyowamba ngoma, nikaianika juani ikakauka ikabana kabisa. Mshauri, ungeona! Duara la karatasi lililokuwa mbali likaja mbele ya jicho langu kama sahani ya chakula! Nikatia risasi moja nzima badala ya marisau yale madogomadogo, nikafyatua mara tatu, zote katikati, baba akarusha kofia juu: "Akwi! Siku hiyo mabwana wa klabu wataomba maji!"

Shangazi Alaso akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Edeku, umekosa wanaume ukoo mzima? Mkono wa msichana huharibu silaha. Mtaona."

Tukaona kweli. Kesho yake asubuhi, manyunyu yakianguka, nikafyatua tena, risasi zote zikaenda kushoto, moja ikapiga kichuguu, na darubini ikanigonga nyusi hadi damu. Shangazi akasema, "Nilisema nini?" Baba akaitundika bunduki ukutani, na tangu hapo hajataja shindano. Natamani sana kwenda, lakini je, kama mkono wangu ndio umeiharibu bunduki? Nijitoe?

Wako,
Akwi

*

Akwi binti yangu,

Pole kwa nyusi. Sasa nisikilize. Wapiga ngoma wa kwenu hufanya nini mvua ikinyesha? Huiweka ngoma karibu na moto, kwa sababu ngozi ikilowa hulegea. Unalijua hilo tangu utotoni, halafu ngozi hiyohiyo ikilegea juu ya mtutu unasingizia mkono wako! Shangazi mheshimu, mpe kiti, mpe chai, lakini somo la bunduki usilichukue kwake. Ngozi ya ng'ombe haimwulizi mtu kama ni msichana.

Nawe nakugombeza. Bunduki hiyo hupiga teke kama punda, na wewe ukabandika darubini karibu na jicho! Ungepofuka, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Ikate hiyo ngozi. Mwite shemeji yako aje nyumbani na vibano vya chuma vya kufunga kwa skrubu, na bunduki aishike baba yako kwanza ahakikishe haina risasi. Darubini isogezwe mbele, upana wa vidole vinne kutoka jichoni. Halafu laza bunduki juu ya gunia la mchanga, kichuguu kirefu kikiwa nyuma ya karatasi, fyatua, angalia tundu, geuza skrubu ya darubini kidogokidogo mpaka tundu lirudi katikati. Risasi utakazojaribia ndizo utakazoshindania, usichanganye. Na baba aulize klabu na polisi mapema kama kibali chake kinakuruhusu wewe kufyatua, maana bila hilo hata shabaha nzuri ni kosa.

Kimya cha baba yako kisikutishe. Mzee huyo anaogopa kukulazimisha. Mwendee leo hii umwambie, "Baba, nakwenda," uone kama hatatafuta tena kofia yake ya kurusha.

Ukifika uwanjani, macho ya watu yakianza kukuwasha, ujue mlenga shabaha huwapa watazamaji kisogo. Wape chako.