Mchanga wa Taulo za Wageni

Rukia mjukuu wangu,

Sisi huku Mtongwe tu wazima, na mamako akusalimu sana. Wauliza mbona mashine yako ya kufulia haikamui nguo. Nilipokuwa dobi hotelini Shanzu, yetu iligoma vivyo hivyo, shuka za wageni zimo ndani. Fundi akashinda akihangaika na mota. Mimi nikaona maji hayajatoka, nikamwambia, "Kaka, fungua kile kichujio cha chini."

Akacheka. "Dada, rudi kwa pasi zako."

Nikaizima, nikakifungua mwenyewe. Kopo zima la mchanga! Kuutoa tu, maji yakatoka na mashine ikakamua. Yeye aliijua mashine. Mimi nilizijua taulo za pwani. Tangu hapo, wallahi, kila akija aliniuliza mimi kwanza.

Basi chomoa waya, weka beseni, ufungue kichujio. Fundi akibisha hodi, mwambie asubiri: mjukuu wa dobi yumo kazini.

Bibi yako,
Mwanasiti