Kimya Changu Si Ndiyo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni karani wa miaka ishirini na miwili, hapa Ganjoni, natunza majalada ya mizigo, na tangu utotoni nikiogopa ulimi hufunga hata nusu saa, na maneno huyachukua yalivyo, jirani akisema karibu tule mimi huketi nikala, mama akaona haya, na sasa Awadh, mwana wa ami, ameleta posa na Ijumaa baba ataniuliza mbele ya mashahidi kama naridhia, na shangazi Mona ameniambia, "Nyamaza tu, mwanangu, kimya cha mwari ndiyo idhini yake," nikamuuliza asiyetaka hufanyaje, akasema, "Hulia," na anayetaka je, "Naye hulia."

Awadh hana ubaya lakini simtaki, yeye wala mwanamume yeyote, na wakisema bibi harusi nageuka nyuma nione anaitwa nani, ila juzi nahodha mmoja kwenye simu aliniita "bwana karani" nikafurahi hadi jioni, na kuna mpiga taipu wetu ambaye nimehesabu mambo thelathini na moja ninayoyapenda kwake, mmesema nisitaje jina langu, basi sitaji, yeye anaitwa Khairiya.

Je, mimi ni mgonjwa? Na nisemeje?

Karani mwoga


Karani,

Jina la mwenzako nimelibadilisha. Shukuru umeniandikia mimi, si ubao wa matangazo wa ofisi! Siri ya mtu ifungie kabatini pamoja na majalada yako.

Huumwi. Daktari mmoja aliwahi kunieleza kuna watu waliozaliwa hivyo, ulimi hufunga, neno hulishika lilivyo, wenyewe huita otizimu. Na si wachache kati yao, alisema, hujikuta kama wewe katika mapenzi, na hata katika hilo la bwana na bibi. Yote ni yako, na anayekuuzia dawa ya kuyaondoa ni mwongo.

Lakini waniudhi. Karani mzima unangojea ulimi! Andika: "Baba, Awadh simtaki. Kimya changu si ndiyo." Mpe Alhamisi, akiwa peke yake. Nakala mpe mama. Usiongeze sababu, hasa zile thelathini na moja.

Na baba akishaikunja karatasi akasema, "Haya, nimesikia, karibu tule," safari hii keti, ule.