Mbele na Kabla

Carama, Bujumbura
Tarehe 9 Septemba

Ndugu yangu Namegabe,

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi miwili. Umenipigia simu mara nne, nami mara nne niliitazama ikilia hadi ikanyamaza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa shemeji Odette umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Ninamkabidhi Moubarak, wakala wa mizigo bandarini, akuletee Kigoma, kwa maana yaliyomo sikuthubutu kuyasema kwa mdomo.

Unaijua barabara ipitayo mlangoni pangu. Tangu itiwe lami, malori huipita kama yanafukuzwa. Mwezi wa Mei lori moja lilimuua Télesphore, aliyekuwa akileta ndizi kwa baiskeli kutoka milimani. Wakazi tukakutana kanisani, tukakubaliana kuomba matuta, ambayo hapa kila mtu huyaita dodani. Mkuu wa mtaa alitueleza kwamba mtambo wa kuziba mashimo ungekuwapo Carama hadi mwisho wa Juni. Ofisi ya komini ikipata barua yetu kabla haujaondoka, matuta yangewekwa papo hapo. Alitaka barua mbili, ya Kirundi na ya Kiswahili, kwa sababu nusu ya wauzaji wa barabarani ni watu wa Kongo, na hakutaka mtu atie sahihi asichokielewa. Ya Kirundi iliandikwa na muuguzi Jovithe, ikaisha alasiri ileile. Ya Kiswahili nilipewa mimi, kwa kuwa ni mwalimu.

Dada yako Orpha hakuwa na subira. Alisimama na beseni lake la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kichwani, akanitajia la kuandika: “Tunachoka kuzika. Muweke dodani mbele mutu mwingine akufe.” Watu wakasema basi, imetosha, tutie sahihi. Nikawaambia kwamba sentensi ile haifai kwenda ofisini. Nikaeleza kwamba “mbele” ni ya mahali na “kabla” ni ya wakati, tena si mutu bali mtu, wala si akufe bali afe. Orpha, ambaye lori kwake ni kamiyo, akaniuliza mbele ya wote, “Mwalimu, hiyo kamiyo inajua kusoma?” Kanisa zima likacheka. Nilikasirika, Namegabe, kuliko impasavyo mtu wa umri wangu.

Nikaenda na karatasi nyumbani. Niliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono, nikaona kosa la upatanisho, nikaanza upya. Jovithe alikuja mara tatu kuiulizia. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Kila asubuhi Orpha alipopita kwenda sokoni aliniita kutoka barabarani, “Mwalimu, kabla yako imefika?” Nikajifanya sisikii. Na kila aliponicheka, niliiacha barua siku moja zaidi, ili ajifunze adabu.

Ilikaa kwangu siku kumi na nane. Jumamosi mtambo ulipakiwa, ukaondoka. Jumatatu nikaipeleka barua komini. Katibu aliipokea, akaigonga muhuri, akaniambia kwa heshima kwamba imeandikwa vizuri sana, ila tusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Siku kumi na moja baadaye, lori la saruji lilimgonga Orpha akivuka na beseni lake. Hilo unalijua.

Usilolijua ni hili. Makaburini nilisimama nikasema kwamba ofisi iliilalia barua yetu. Watu waliniamini, na yule katibu akatukanwa hadharani sokoni. Kesho yake ulishuka melini, ukanishika mkono kwa mikono yako miwili, ukanishukuru kwa kumpigania dada yako. Niliipokea shukrani hiyo. Ofisi haikulala, Namegabe. Barua ilikuwa mezani kwangu, chini ya kamusi.

Jumapili iliyopita niliwaambia wakazi ukweli. Jovithe aliinuka akatoka. Mama Béatrice, auzaye mkaa karibu na alipokuwa akikaa Orpha, aliniuliza tu kama nina kalamu. Tukaandika palepale barua mpya, Kirundi na Kiswahili, na ya Kiswahili ina sentensi mbili tu, zile za Orpha, kama alivyozitamka. Sikugusa hata herufi. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi ilikuwa mikononi mwa katibu, nami nikamwomba msamaha. Aliisoma mara mbili, wala safari hii hakuisifu.

Msalimie shemeji na watoto. Juu yangu, hukumu ni yako, na sina haki ya kukuharakisha. Komini itakaa tarehe ishirini na tano kuamua. Matuta yakikubaliwa au yakikataliwa, nitakuandikia barua siku hiyohiyo, bila kuisahihisha.

Mimi,
Népomuscène