Piko Lisilofifia

Jumapili, 1 Agosti 1993

Harusi ya Kaka Rahimu imekwisha. Nyumba nzima inanuka pilau na udi. Wageni wa Tanga wamelala mpaka kwenye korido. Bibi Johari, mama yake Mama, anasema hawa hawaondoki leo wala kesho, Singida wameipenda!

Mama alicheza sana jana. Hina nilimpaka mimi mwenyewe. Maua mpaka kwenye vifundo, na piko jeusi kwenye ncha za vidole vya miguu. Watu waliuliza fundi ni nani. Mama akajibu, "Si huyu Rahma wangu! Biolojia anafundishwa shule, hina kajifundisha mwenyewe."

Alivaa vile viatu vyekundu. Tangu Baba afariki anauza mitumba sokoni, na hajawahi kujiwekea kitu kutoka kwenye belo. Safari hii kajiwekea. Vinanienea na mimi. Miguu yetu ni ile ile.

Alipovivua nikaona damu ndani. Kimsumari kimetokeza kwenye soli, kimemtoboa chini ya kidole gumba. Amecheza nacho mchana kutwa! Hakusikia chochote. Akacheka. Tukacheka wote.

Jumatano, 4 Agosti 1993

Mwalimu Antipasi ametufundisha seli nyeupe za damu. Alianza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, akaona tumekodoa macho, akaenda kufunga mlango, akarudi kwa Kiswahili.

Mtu akichomwa na mwiba, wa kwanza kufika ni seli ndogo zenye haraka. Zinapigana na vijidudu na zinafia hapo hapo. Usaha ni maiti zao! Kisha zinakuja kubwa, seli walaji. Zinakula vijidudu, maiti, uchafu wote. Zikimaliza kusafisha, hizo hizo ndizo zinazoita mafundi waje kujenga nyama mpya. Hakuna anayeziamuru. Magreth ninayekaa naye akaninong'oneza, "Yaani mimi nasinzia hapa, kumbe ndani watu wako kazini?" Nikacheka mpaka Mwalimu akanitazama.

Nilikuwa nafikiria tundu la mguu wa Mama. Ziko njiani sasa hivi.

Jumapili, 15 Agosti 1993

Hazijafika. Au zimefika na hazifanyi kitu.

Tundu limekuwa kidonda. Kingo zake ni nyeupe na ngumu, katikati pamelowa. Hakifungi wala hakikauki. Bibi anakipaka asali ya kwao Mwankoko. Leo Mama alichovya kidole kwenye kibuyu, akalamba. Bibi akampiga kofi la mkono kama mtoto. "Na sukari yako hiyo!"

Mama akasema maneno ambayo hayanitoki. Kwamba miaka ile tulipanga foleni toka alfajiri kwa kilo moja ya sukari, na mara nyingi tulirudi na mfuko mtupu. Sasa maduka yamefunguliwa, sukari imejaa mpaka mlangoni, soda za kila rangi — na yeye ndiye anakatazwa. Alisema kwa kucheka.

Mjomba Mselemu, kaka yake, alipita baada ya adhuhuri. "Haya Dokta, mgonjwa wako vipi?" Nikamwamkia, nikamwambia hakiponi. Mama akadakia: lakini hakiumi! Hata kidogo. Wote wakasema alhamdulillahi.

Kidonda kile, na hakiumi?

Jumanne, 17 Agosti 1993

Jana nilimuuliza Mwalimu: kwa mwenye kisukari, seli nyeupe zinafanyaje? Akasema hajui. Nilishtuka. Sijawahi kusikia mwalimu akisema hajui. Leo ameniita ofisini. Jana hiyo hiyo alikwenda kuazima kitabu kwa rafiki yake wa hospitali ya misheni.

Naandika kama nilivyoelewa. Damu ikiwa na sukari nyingi, zile seli zenye haraka zinalegea. Zinachelewa, na zikifika zinakula vijidudu kidogo tu. Seli walaji nazo hazimalizi usafi. Zinabaki pale pale, zimewaka tu, siku nenda rudi, na mafundi hawaitwi. Kidonda kinakaa katikati. Si vita, si amani.

Nikawaza wageni wetu wa Tanga. Wapishi wamechoka, masufuria machafu, na hakuna anayeweza kufagia uwanja kwa sababu watu bado wamekaa mikekani.

Tena kuna mawili. Mishipa ya damu miguuni inakuwa myembamba, na kutoka moyoni mpaka kidole cha mguu ni mbali. Na mishipa ya fahamu inakufa. Ndiyo maana hakiumi.

Ndiyo maana hakiumi! Na sisi tulishukuru.

Nikauliza, zinaweza kuamshwa? Akasema sukari ishuke, asikanyage mguu ule, kidonda kisafishwe na wanaojua, na aende hospitali mapema. Mapema ni lini, Mwalimu? Akafunga kitabu taratibu.

Mama amesema ataenda Jumatatu, akishafungua belo jipya.

Ijumaa, 20 Agosti 1993

Niandike kama ilivyokuwa.

Nilikuwa namwosha Mama miguu. Hina imebaki rangi ya chai. Maua yamekatika katika. Piko nalo limetoka kwenye vidole vyote, unaona ngozi. Isipokuwa kidole gumba cha mguu wenye kidonda. Hicho bado cheusi. Kinang'aa. Bibi akasema piko la Tanga hilo, halichezi.

Lakini nilipaka vidole vyote kutoka bakuli moja.

Nikasugua kwa ndimu. Nikasugua tena. Mama akaniuliza mbona nimeinama muda mrefu hivyo. Nikaweka pua karibu.

Si piko.

Siku zote tulizokuwa tukikitazama kile kidole, rangi yangu ilikuwa juu yake. Kila mtu aliona urembo. Sijui kilianza kufa kwa ndani lini. Hakuna atakayejua, kwa sababu nilikipamba.

Nilitoka nje kwenda kumwita Mjomba. Sikuvaa hata kandambili.

Jumamosi, 21 Agosti 1993

Wamemlaza. Dripu, sindano, nesi anachoma kidole kila mara kupima sukari. Iko juu mno. Daktari alibonyeza juu ya mguu akitafuta mapigo ya damu. Alitafuta sana. Kidole kinaondoka, amesema. Tuombe kiwe kidole tu.

Mama alipoulizwa nani alimpaka piko, akasema, "Fundi wangu," akanishika mkono mbele ya daktari. Nilitamani anipige.

Jumatatu, 23 Agosti 1993

Si kidole tu. Weusi umepita kidole. Daktari anataka kukata kwenye kifundo, na haraka, la sivyo sumu itapanda.

Mama amekataa. Amesema, "Sokoni nitasimama na nini? Na mbele ya Mola nifike nusu?" Mjomba akamwambia kwa ukali, "Dada, Mola anakujua hata ukifika kichwa kitupu! Sisi huku ndio tunaokuhitaji." Mama akageukia ukutani. Bibi alikuwa analia kwa Kinyaturu, polepole, maneno ambayo mengine siyaelewi.

Kisha Mama akawaomba watoke, nibaki mimi. Akaniuliza: "Wewe uliyesoma. Mguu ungekuwa wako, ungekata?"

Nimesoma mpaka kidato cha tatu tu! Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini macho yake hayakuwa yanatania.

Nikasema ningekata.

Akakubali. Palepale, kama mtu aliyepewa bei nzuri. Akasema viatu vyekundu nivichukue, nimpelekee Alute fundi viatu augonge ule msumari.

Kuna jambo sikumwambia. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Kukata ni kidonda kingine. Kikubwa kuliko cha msumari mara mia. Na watakaotakiwa kukifunga ni wale wale waliochelewa, wale wale wasiomaliza kufagia. Kama tundu la msumari liliwashinda, hili je? Nimemwambia akatwe, na sijui kama anaweza kupona kukatwa.

Kesho nitamuuliza Mwalimu.

Jumanne, 24 Agosti 1993

Mwalimu hakuja. Amekwenda kusimamia mitihani. Sukari ya Mama imeshuka kidogo. Nesi amesema hiyo ni nzuri, seli zikiogelea kwenye sukari kidogo zinaamka. Alitumia neno hilo, zinaamka. Nililishika neno hilo mpaka nyumbani.

Alhamisi, 26 Agosti 1993

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Sikwenda shule. Mjomba alisema nikae na Bibi, hospitalini hakuna nafasi ya watu wawili kulia.

Saa tano amekuja. Hakuketi. Ametaka jembe. Nikauliza la nini, Bibi akanitazama, nikaelewa. Kiungo cha Mwislamu kinazikwa. Watachimba karibu na Baba.

Bibi akafungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya harusi ya Kaka Rahimu. Akakata kipande kifupi, cha kufunga mguu mpaka kifundo. Alikikunja vizuri kabisa, kama cha mtoto mchanga. Mjomba akaondoka nacho.

Nilijaribu kusoma. Nilichora seli mlaji, nikaifuta.

Kabla ya adhuhuri Mjomba akarudi. Kipande kile bado anacho mkononi, kimekunjwa vile vile. Akasimama mlangoni. Hakuniita Dokta.

Akasema, "Mama, hakitoshi."

Bibi akarudi sandukuni. Akaleta kitambaa chote kilichobaki. Akaniambia nisimame nipandishe gauni kidogo, anipime mimi, maana miguu yangu na ya mwanawe ni ile ile. Akaanzia kwenye unyayo. Mjomba akawa anatazama mkono wa Bibi, anatikisa kichwa. Bado. Kifundo kikapita. Bado. Muundi wote. Bado. Goti likapita.

"Hapo," akasema.

Bibi akaweka alama kwa mkaa, akakata.

Mjomba amekwishaondoka. Mama hajaamka, ndivyo alivyosema. Anapumua.

Bibi anaswali. Alama bado ipo juu ya goti langu, mstari mweusi. Sijaiosha. Nimeweka kidole hapo, na kidole kingine kifuani, ninapima. Kidole gumba kilikuwa mbali. Hapa si mbali sana. Kwa seli inayotoka moyoni, hata ikiwa mvivu, hata ikichelewa, hapa si mbali.