Taulo la Murray Mlimani kwa Vipepeo

Jumapili, 24 Februari 2019

Saa kumi na mbili asubuhi mume wangu Murray keshatandika taulo kwenye viti viwili kando ya bwawa. Miaka tisa sasa, hoteli ileile, viti vilevile! Kisha anarudi kulala, ameridhika kama mtu aliyepata kiwanja. Utepe wa plastiki wa hoteli mkononi, ndio kibali chetu — chakula, vinywaji, nauli ya ndege, vyote tulishalipia kwetu kaskazini, Ontario.

Nimemkumbusha tena vipepeo. Wanazaliwa kwenye magugu ya ua wetu — yaleyale anayotishia kuyafyeka kila Agosti — halafu hao, hadi milima ya huku Mexico. Kutoka hapa hotelini ni siku mbili kwa basi. Kasema, "Verna, hapa kuna chai hadi saa tano. Huko kuna nini?"

Nina miaka sitini na nane. Magoti haya hayatangoja mwaka wa kumi.

Jumatatu, 25 Februari

Nimenunua tiketi ya basi. Moja!

Murray kanuna kutwa. "Haya, nenda! Mtembezi hula miguu yake." Nimefunga begi la mgongoni.

Jumanne, 26 Februari

Alikuwa langoni! Sanduku la magurudumu, taulo la hoteli kwapani. "Sikufuata wadudu mimi," kasema. "Wewe ramani huijui." Nilifurahi hadi nikaona haya.

Utepe hakuukata. Ukikatwa, hoteli haikupokei tena.

Jumatano, 27 Februari

Mabasi matatu. Kijiji cha mlimani, chumba cha baridi, maji ya moto ndoo moja. Mama mwenye nyumba, Doña Eulalia, katukaribisha jikoni kwake. Murray akauliza kuna vyakula gani. Mama akafunua sufuria: maharage. Kala sahani tatu!

Alhamisi, 28 Februari

Ukungu. Doña Eulalia ndiye aliyetupandisha. Misonobari imeinama kwa uzito wa majani makavu — hivyo ndivyo nilivyodhani. Ni wao! Maelfu kwa maelfu, wamekunja mbawa, kimya. Mwili ulinisisimka, nikalia. Viumbe wepesi hivi, wametoka kwetu bila tiketi wala ramani! Murray alivua kofia.

Lakini bila jua hawaruki, kasema mama. Tulingoja hadi jioni. Wapi!

Imebaki kesho asubuhi tu. Gari la kutushusha linaondoka saa tano. Likituacha, basi limetuacha, na ndege ya Jumamosi nayo. Tiketi za namna yetu hazibadilishwi.

Ijumaa, 1 Machi

Naandika nimekaa kwenye gogo. Murray alinitangulia alfajiri na mama. Nimefika — taulo la hoteli limetandikwa juu ya gogo! "Nimekuwekea nafasi," kasema. Mlima mzima tuko sisi watatu tu. Doña Eulalia kacheka hadi akashika mbavu, kisha akakalia taulo yeye mwenyewe. "Gracias, babu!" akashukuru. Murray kabaki kasimama.

Saa nne. Mawingu bado. Murray anatazama saa kila dakika.

Saa nne na nusu. Mawingu. Nimemwambia haya, twende. Nimewaona wamelala, yatosha. Nimesema uongo.

Jua!

Mungu wangu. Tawi zima limepasuka. Halafu mti mzima. Halafu mbingu yote — rangi ya moto, na sauti! Mbawa zina sauti, kama mvua ya rasharasha juu ya majani. Kila mwaka nawaaga kwenye ua, mmoja mmoja, na kumbe wanakuja kuwa hivi. Sijui niweke wapi macho. Doña Eulalia, aliyezaliwa hapa, kafunga mdomo kwa kiganja.

Mmoja katua kwenye mkono wa Murray, juu ya utepe. Sasa wawili. Watano. Wameufunika mkono hadi kwenye kiwiko, naye kaunyoosha kama tawi.

"Verna," kanong'ona. "Usinisogeze. Huenda ni wa kwetu."

Chini gari linapiga honi. Mara ya pili. Nimemuuliza ni saa ngapi. Saa yake iko mkono uleule, chini ya mbawa, na Murray hataki hata kupumua.