Binti Yangu Ana Miaka Tisa

3 Februari

Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Goti la shangazi yako limepoa? Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha kila asubuhi kwamba kupiga lipu ni kazi ya vijana.

Umesema niandike barua kwa sababu kwenye simu nakudanganya, kila ukiuliza najibu oui, ndiyo. Haya, nimeandika. Nimekwenda ofisi ya vibali. Mama wa dirishani amesema naweza kukuleta ukae nami, kwa masharti mawili: uwe hujatimiza miaka kumi na minane, na mimi nifaulu mtihani wa kuzungumza Kifaransa, ule wa wanaoanza. Ni mwisho wa Machi. Miaka saba niko hapa, na Kifaransa changu ni cha mchanga, maji, haraka, na matusi ya msimamizi. Shule niliishia darasa la tano, unajua. Wewe unakisoma, nifundishe. Usinionee huruma.

Baba yako


17 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Goti la Shangazi linauma akitakiwa kufagia tu, akialikwa mahali linapona.

Barua yako nimeisoma mara nne, na nguo za kuja nazo nimeshapanga kwenye begi. Shangazi anasema nisifunge begi kabla baba hajafungua mdomo.

Somo la kwanza. Kwenye Kifaransa kila kitu ni cha kike au cha kiume. Mlango ni wa kike, la porte. Ukuta ni wa kiume, le mur. Usiulize kwa nini. Mimi niliuliza, mwalimu akaniambia nikae. Somo la pili, je suis, mimi ni. Je suis plâtrier, mimi ni fundi lipu. Somo la tatu ni umri, na hapo wamefikiri kama sisi: mtu ana miaka kadhaa, a, halafu namba, halafu ans. Rudia kwa sauti ukiwa kazini. Wakikucheka, wacheke.

Mwanao, Chiriku


8 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimepata njia yangu. Neno naliandika kwa penseli kwenye ukuta mtupu, nalisoma mara kumi, halafu nalipiga lipu. Likishafunikwa sina pa kuchungulia, lazima nilikumbuke. Ghorofa ya tatu yote imejaa maneno yako. Juzi msimamizi akakuta nimeandika la porte katikati ya ukuta, akaja mbio na ramani: "Nani amebadilisha? Mlango unapita hapa?" Nusura atume watu watoboe.

Umri usinifundishe, huo ninao. Mpishi wa bweni letu la mafundi alinifundisha nilipofika tu, watu walipokuwa wakiuliza picha yako iliyo juu ya kitanda changu. Hata usingizini nausema.

Baba yako


22 Mei

Shikamoo Baba,

Mtihani ulikuwa Machi. Simu ukipokea unasema uko kazini juu ya jukwaa la ujenzi, hata Jumapili. Jukwaa gani hilo lisilo na ngazi ya kushukia? Kama umefeli, sema. Nguo nimeshazitoa kwenye begi, kwa hiyo huna cha kunivunjia.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefeli, na bora nikueleze ilivyokuwa.

Mtahini alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. Jina, kazi, unakaa wapi, vyote nikajibu. Akauliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, binti. Ana miaka mingapi? Sikufikiri hata kidogo. Nikasema ile ninayoijua kuliko zote: "Ma fille a neuf ans." Binti yangu ana miaka tisa.

Akatazama karatasi. "Neuf?"

"Oui, neuf."

Akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye tarehe yako ya kuzaliwa, mwandiko wangu mwenyewe. "Seize," akasema taratibu. Kumi na sita.

Chiriku, maneno yote yakanitoka. Aliuliza mengine matatu, nikawa namtazama tu. Sikufeli kwa ile tisa, nilifeli kwa kunyamaza baada yake. Ulikuwa na tisa nilipoondoka. Nimeisema hivyo miaka saba, nikiitazama picha ile yenye sare iliyokatika kifungo. Nilitaka kuandika kwamba sikusahau kuwa unakua. Lakini pengine nilisahau. Nisamehe.

Kuna mtihani mwingine Septemba. Sijui kama niende.

Baba yako


20 Juni

Shikamoo Baba,

Nililia, nikacheka, nikakasirika, mpaka Shangazi akasema, "Mtoto wewe, chagua moja!"

Utaenda. Namba zilizobaki hakuna aliyekufundisha. Nakufundisha mimi.

Dix, kumi. Nilivunjika mkono kwa kuruka ukuta wa shule. Nilimwapisha Shangazi asikwambie.

Onze. Nilipigana na msichana aliyesema sina baba. Nilishinda.

Douze. Niliunguza sufuria kubwa, nikaizika. Mpaka leo Shangazi anajua iliibwa.

Treize. Mwaka ule sikutaka kuongea nawe kwenye simu. Haikuwa mitihani kama nilivyosingizia, Baba. Nilikuwa nimekukasirikia.

Quatorze. Nilimpita Shangazi kwa urefu.

Quinze. Wenzangu walichagua kompyuta, mimi nikachagua Kifaransa. Unajua kwa nini.

Seize. Ninamfundisha fundi mmoja mkaidi.

Dix-sept bado, ni Agosti. Nimeiacha wazi. Ziandike zote ukutani, lakini hiyo usiipige lipu kwanza.

Mwanao, Chiriku


27 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, na ile barua nimeikunja mpaka imechanika.

Nilifika kabla ofisi haijafunguliwa. Mtahini yule yule, miwani ile ile. Akafika pale pale: ana miaka mingapi? Nikaweka mikono mezani, nikahesabu kwa vidole kwa sauti. Neuf. Dix. Kwenye onze nikacheka peke yangu. Kwenye treize nikaomba maji. Akaacha kuandika, akaniambia nisiwe na haraka. Nilipofika dix-sept nikamwambia, tangu Agosti. Maswali mengine nikayajibu vibaya vibaya, lakini sikunyamaza hata kwa moja.

Nimefaulu. Alama hamsini na mbili, ya kupita ni hamsini. Mama wa dirishani amegonga mhuri, na karatasi zako zimo kwenye bahasha hii. Rudisha nguo kwenye begi. Niandikie siku utakayofika na rangi ya nguo utakayovaa. Urefu usiniambie, nataka kuuona mwenyewe.

Ukuta wa ngazini, nilikoandika namba zako, bado una kipande kisichopigwa lipu, na msimamizi ananipigia kelele tangu asubuhi. Nimemwomba nusu saa niimalize barua hii. Pale, mbele ya dix-sept, nimeandika kwa Kiswahili, maana Kifaransa chake sijakijua: baba yake alikwenda kumpokea.

Sasa nakwenda kuupiga lipu.

Baba yako